Mwongozo kamili: kukusanya midoli ya dinosaria na wanyama waliotoweka bila kuishia na rundo lisiloeleweka

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "nimeshanunua madinosaria mengi tu, mbona nikiyapanga hayapendezi?" Ukiomba picha unakuta hali ni ileile kwa kila mtu, T. rex mdogo kasimama pembeni ya Triceratops anayemzidi mara mbili, nyuma kuna mjusi wa kijani ambaye hakuna anayejua ni nani, halafu mamothi, tembo wa kale, kazidiwa urefu na dodo ambaye ni ndege tu. Hela imetumika na sio kidogo, na mwenye mkusanyiko anaanza kuona labda hii hobi haimfai.

Hobi inamfaa, shida ni mpangilio wa kazi. Watu wananunua kwanza halafu kupima na kutambua kunakuja baadaye, wengine hawafiki huko kabisa. Hapa tunageuza: unachagua mpaka, unapima, unasoma maandishi ya tumboni mwa mdoli, unatambua mnyama, ndo unalipa. Ukifuata hivyo hata midoli sita tu itakaa kabatini na mtu akiiona atauliza maswali.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoa hela

- Futi laini ya fundi cherehani, na uzi wa pamba wa kama mita moja
- Simu yenye kamera inayosogea karibu, tochi na kikokotoo
- Daftari na penseli
- Mswaki laini, sabuni ya maji ya vyombo, beseni na taulo la zamani
- Sufuria, bakuli mbili na barafu, kwa ajili ya kunyoosha miguu iliyopinda
- Boksi za kadibodi na karatasi nyeupe zisizo na maandishi
- Vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya boksi za viatu, usivitupe
- Kadi ngumu ndogo za kuandikia majina

Rangi za akriliki na brashi nyembamba sio lazima, ukianza unaweza kukaa bila hizo muda mrefu. Ila kuna vitu ambavyo naomba visikaribie midoli yako kabisa: thina, petroli, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, Jik, na maka peni. Sababu utaziona huko mbele.

## Hatua ya 1: Chagua mpaka wa mkusanyiko

Mpaka ni sentensi moja inayosema nini kinaingia na nini hakiingii. Bila mpaka kila mdoli unaouona sokoni unaonekana ni wa kununua, na ndo hapo rundo linapoanzia.

Wengi huchagua mpaka wa "dinosaria wote". Huo sio mpaka, kampuni za midoli zinatoa wapya kila mwaka na hutawamaliza. Chagua kitu chenye ukuta. Nakupa mipaka mitatu ambayo najua inafanya kazi kwa mtu wa huku kwetu.

Wa kwanza ni Tendaguru. Hiki ni kilima kiko mkoa wa Lindi, Tanzania, Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913 na mifupa ikapelekwa Berlin, ipo kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde mpaka leo. Wanyama wake ni wa kama miaka milioni 150 iliyopita: Giraffatitan yule mrefu, Kentrosaurus mwenye miiba, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus, Dysalotosaurus na wengine. Orodha ni fupi, inaeleweka, na ni wanyama wa ardhi yetu. Kwa maoni yangu hakuna mpaka mzuri kuushinda huu kwa anayeanza, na inaniuma kuona kabati la mtu wa Mtwara au Lindi limejaa T. rex watupu, mnyama wa Amerika Kaskazini wa miaka milioni 66 hivi iliyopita, halafu Kentrosaurus hayumo.

Wa pili ni jamii ya tembo waliotoweka. Hapa unaingiza mamothi, na unamwingiza Deinotherium, yule ambaye pembe zake zinatoka taya la chini na kupinda kuelekea chini. Mabaki ya Deinotherium yamepatikana Kenya na hata Olduvai Tanzania. Eofauna, kampuni ya Hispania, wanaye Deinotherium na wanao tembo wengine wa kale, na wanaandika skeli yao (uwiano wa mdoli na mnyama halisi), kitu ambacho kampuni nyingi hawajisumbui nacho.

Wa tatu ni wanyama waliotoweka karibuni, enzi za binadamu. Dodo wa Mauritius, kwagga, aina ya punda milia wa Afrika Kusini, ambaye wa mwisho alifia Amsterdam 1883, thilasini, mla nyama wa Tasmania mwenye mistari mgongoni, ambaye wa mwisho kujulikana alikufa kwenye zuu ya Hobart 1936, ndege mkubwa Aepyornis wa Madagaska. Hawa ni wachache sokoni, kwahiyo mpaka huu unataka uvumilivu, lakini ni mkusanyiko wenye uzito sana moyoni.

Andika mpaka wako ukurasa wa kwanza wa daftari. Umefaulu kama unaweza kusimama mbele ya meza ya muuzaji yenye midoli hamsini na ukajua kwa haraka ni mitatu tu inayokuhusu.

## Hatua ya 2: Chagua skeli, na ujifunze kuipima

Hapa ndo wengi wanaanguka kwahiyo tutakaa kidogo.

Skeli ni uwiano wa mdoli na mnyama mwenyewe. Skeli ya 1:40 maana yake sentimita 1 ya mdoli inasimama badala ya sentimita 40 za mnyama. Kwa dinosaria, 1:40 ndo iliyozoeleka zaidi, midoli mingi ya mfululizo wa Carnegie iliyotengenezwa na Safari Ltd ya Marekani kuanzia 1988 hadi 2015 ilifuata hiyo, na leo utakuta nyingi za 1:35 ambazo ukizichanganya na 1:40 jicho halisumbuki.

Jinsi ya kupima:

1. Laza uzi juu ya mgongo wa mdoli kuanzia ncha ya pua, fuata shingo, fuata mgongo mpaka ncha ya mkia. Fuata mikunjo yote. Usipime kwa rula hewani, mdoli mwenye mkia uliojikunja atakudanganya sana.
2. Nyoosha uzi juu ya futi, andika sentimita.
3. Chukua urefu wa mnyama halisi, ugeuze uwe sentimita (mita 12 ni sentimita 1200).
4. Gawanya urefu halisi kwa urefu wa uzi. Jibu ndo skeli.

Mfano: T. rex halisi alikuwa na kama mita 12. Uzi wako umesoma sentimita 30. 1200 gawanya kwa 30 unapata 40, kwahiyo huyo ni 1:40. Uzi ukisoma 15 tu, huyo ni 1:80, na hata apakwe rangi nzuri namna gani hawezi kusimama na wenzake wa 1:40.

Kwa mpaka wa Tendaguru kwenye 1:40, tafuta vipimo vinavyokaribia hivi: Kentrosaurus alikuwa na mita 4.5 hivi kwahiyo mdoli uwe sentimita 11. Elaphrosaurus mita 6, mdoli sentimita 15. Dicraeosaurus mita 12 hivi, mdoli sentimita 30. Giraffatitan mita 22 hivi, mdoli sentimita 55, na huyu pima na kimo kabisa kwa sababu mifupa yake iliyosimamishwa Berlin ina kimo cha mita 13.27, yaani kwa 1:40 ni sentimita 33 kutoka chini mpaka kichwani. Pima kabati lako kabla hujamwagiza. Rafu nyingi za madukani haziachi nafasi ya sentimita 33, na huyu mnyama hawezi kuinamishwa.

Onyo: skeli moja haibebi wanyama wote. Dodo hakuzidi mita moja hivi kimo, kwa 1:40 atakuwa sentimita 2.5, huwezi kumwona uso. Kwa wanyama wadogo tumia skeli nyingine, mfano 1:10, ila uwape rafu yao wenyewe. Kosa ni kumweka dodo wa 1:10 rafu moja na mamothi wa 1:40.

Kitu kinachosaidia sana: tengeneza mtu wa kadibodi. Mtu wa mita 1.7 kwa 1:40 ni sentimita 4.25. Mkate, mkunje miguu asimame, tembea naye mfukoni. Ukimsimamisha pembeni ya mdoli sokoni unaona papo hapo kama ukubwa umekaa sawa, hata kabla ya kutoa uzi.

## Hatua ya 3: Soma tumbo

Geuza mdoli. Tumboni, ndani ya mapaja, au chini ya nyayo kuna maandishi yaliyobonyezwa kwenye plastiki. Washa tochi ya simu uimulike kwa ubavu, sio moja kwa moja, herufi zitatoa kivuli na utazisoma. Piga picha.

Unatafuta vitu vinne: jina la kampuni, mwaka, jina la mnyama, na nchi ilikotengenezwa.

Majina utakayokutana nayo: Schleich na Bullyland za Ujerumani (kwa Schleich mara nyingi unaona "Schw. Gmünd", mji wao), Papo ya Ufaransa, Safari Ltd ya Marekani, CollectA, Mojo, PNSO ya China. Ukikuta mdoli wa rangi moja tupu umeandikwa "Invicta" pamoja na "British Museum (Natural History)", tulia kabisa, hiyo ni midoli ya Uingereza iliyoanza kutoka 1974, watu wanaitafuta. Usiipake rangi, hiyo rangi moja ndo asili yake.

Sasa kuhusu mwaka, hapa watu wanapigwa hela. Mwaka ulioandikwa tumboni ni mwaka wa umbo, yaani wakati ule umbo lilipochongwa na haki zake kuandikwa. Hauonyeshi mwaka ambao mdoli wako umetoka kiwandani. Umbo la zamani linaweza kutengenezwa tena na tena miaka mingi baadaye kwa kalibu ileile (chombo cha kumiminia plastiki), ilitokea kwa Marx ya Marekani ambayo dinosaria wake wa kwanza walitoka 1955 na maumbo yale yakaja kurudiwa. Kwahiyo muuzaji akikwambia "hii ya 1988 hii, antiki", usimlipe bei ya antiki kwa sababu ya namba tu.

Na "Made in China" sio alama ya feki. Kampuni nyingi kubwa za Ulaya na Marekani zinatengenezea huko. Mdoli usio na jina lolote ndo wa kutilia shaka, ingawa hata huo unaweza kuwa mzuri, tunauangalia sasa hivi.

## Hatua ya 4: Mtambue asiye na jina

Ukipita Kariakoo, Gikomba au Kongowea, kwenye mafungu ya midoli ya mitumba, mingi haina jina la mnyama. Usikate tamaa na usikisie. Fuata viungo vya mwili, anzia mikononi kwenda kichwani na mgongoni.

Wanaotembea kwa miguu miwili, wenye meno. Hesabu vidole vya mkono. Viwili na mkono mfupi, kichwa kikubwa: jamii ya T. rex. Vitatu na mkono wenye nguvu: anaweza kuwa Allosaurus. Pembe mbili juu ya macho na mikono kama haipo: Carnotaurus. Pua ndefu ya kimamba na tanga mgongoni: Spinosaurus. Kwa Spinosaurus angalia na mkia, kama ni mpana kama kasia huyo amechongwa baada ya utafiti wa 2020, kama mkia ni wa kawaida na miguu ya nyuma mirefu, umbo ni la fikra za zamani.

Wenye shingo ndefu. Angalia mabega. Miguu ya mbele ikiwa mirefu kuliko ya nyuma, mgongo ukateremka kuelekea mkiani, huyo ni wa jamii ya Brachiosaurus. Miguu ya nyuma ikiwa mirefu na mkia ukaishia mwembamba kama fimbo, nenda upande wa Diplodocus. Hapa kuna jambo zuri kwa wa mpaka wa Tendaguru: midoli mingi iliyoandikwa Brachiosaurus umbo lake limefuata ile mifupa ya Berlin, ambayo tangu uchambuzi wa 2009 wataalamu wengi wanaiita Giraffatitan. Kwahiyo usimkatae kwa sababu ya jina la tumboni. Andika kwenye daftari yote mawili, jina lililobonyezwa na jina la leo.

Wenye mabamba na miiba mgongoni. Stegosaurus ana mabamba makubwa karibu mgongo mzima na miiba minne mwisho wa mkia. Kentrosaurus mabamba yake ni membamba, yapo shingoni na mbele ya mgongo tu, kuanzia katikati yanageuka miiba mirefu mpaka mkiani, na wengi wanachongwa na mwiba mwingine ubavuni kwenye bega. Hawa wawili wanachanganywa kila siku, hata na wauzaji wa mtandaoni. Ukiona tangazo la "Stegosaurus mdogo" kwa bei ndogo, kuza picha uangalie nusu ya nyuma ya mgongo.

Wenye tanga lakini wanatambaa. Miguu minne imetanuka pembeni kama mjusi, tanga kubwa mgongoni: Dimetrodon. Huyu sio dinosaria. Aliishi na kutoweka mamilioni ya miaka kabla ya dinosaria wa kwanza, na kiukoo yuko karibu zaidi na sisi wenye kunyonyesha. Anauzwa kwenye fungu la dinosaria kila mahali. Hata wanaoruka kama Pteranodon na wale wa baharini wenye makasia sio dinosaria. Kama mpaka wako unasema "wanyama waliotoweka" waingize, ila uwape rafu na kadi sahihi.

Kuna midoli ambayo haitambuliki kwa sababu mchongaji mwenyewe alichanganya, kichwa cha T. rex, vidole vitatu, miiba ya mtu mwingine. Usilazimishe jina. Huyo muache mezani kwa muuzaji, au mchukulie mtoto achezee.

Kazi hii imekamilika ukiweza kutaja viungo viwili vinavyothibitisha jina ulilompa. Kiungo kimoja hakitoshi.

## Hatua ya 5: Kagua hali na ufeki, ndo uongee bei

Midoli ya kuigiza hutengenezwa kwa kuchukua mdoli wa kampuni na kuutolea kalibu. Hii inaacha dalili. Nakala mara nyingi inatoka ndogo kidogo kuliko ya mwanzo, magamba na mikunjo ya ngozi inakuwa imefifia, na yale maandishi ya tumboni yanakuwa yamefutwa pakabaki bapa laini. Papo wanaigizwa sana, hasa T. rex wao. Kwahiyo kabla ya kwenda sokoni hifadhi kwenye simu vipimo na picha za midoli unayoitaka, ukiikuta uilinganishe palepale.

Angalia macho. Rangi ya jicho ikiwa imemwagika nje ya kope, mengine nayo yatakuwa hivyohivyo. Angalia mshono wa ubavuni, kidole kikipita kikikwaruzwa, kazi ni ya haraka. Nusa, harufu kali ya kemikali inayobaki mkononi ni sababu ya kuuacha.

Bonyeza kwa upole. Mdoli unaonata kama umepakwa gundi una shida ya plastiki, sio uchafu tu, na muuzaji akikwambia "utaosha utaisha" ujue inaweza isiishe. Angalia ncha: mikia, pembe, vidole, ndo vinavyokatika kwanza.

Ukiwa na hoja hizi bei inashuka yenyewe, na unaongea kwa heshima tu. "Kaka, mkia umekatika hapa na kampuni haionekani, nipunguzie" inafanya kazi kuliko kulalamika. Usimdanganye muuzaji kuhusu thamani ya kitu. Unahitaji akukumbuke, fungu jipya likifunguliwa akupigie simu.

## Hatua ya 6: Osha

Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, mswaki laini. Sugua kwa mduara, usikaze kwenye macho na kucha kwa sababu rangi ya hapo ni nyembamba. Suuza, kausha na taulo, acha kivulini kwa siku nzima.

Midoli mikubwa huwa ina uwazi ndani na tundu dogo sehemu. Ziba tundu kwa selotepu kabla ya kuosha. Maji yakiingia na kubaki, ukungu utaota ndani na harufu haitatoka. Yakishaingia, kamua, lenga tundu chini, acha hewani siku kadhaa.

Usijaribu asetoni wala thina hata kwa tone kwenye doa. Zinaondoa rangi na kuyeyusha plastiki yenyewe. Jik inachubua. Doa lisilotoka kwa sabuni, liache.

Kuhusu kunata: midoli mingi ni plastiki iitwayo PVC, na ili PVC iwe laini huwekwa kilainishi. Miaka ikipita, hasa kwenye joto, kilainishi kinapanda juu ya ngozi ya mdoli na ndo ule utelezi unaonata. Kuosha kunaondoa kilichopanda, ila kingine kinaweza kupanda tena. Osha, kausha, paka poda kidogo sana ya mtoto, futa, weka sehemu yenye hewa. Ukinata tena baada ya muda rudia. Mdoli wa hivyo usimchanganye na wengine.

## Hatua ya 7: Nyoosha miguu iliyopinda

T. rex anayeanguka kila ukifunga mlango ni tatizo la kila mkusanyaji. Anasimama kwa miguu miwili, plastiki ikipata joto mguu unalegea, uzito unaenda mbele. Inarekebishika.

1. Chemsha maji, yatoe jikoni, subiri dakika kadhaa yaache kutokota. Maji yanayotokota yanaweza kuharibu rangi.
2. Andaa bakuli la pili lenye maji na barafu. Liwe tayari kabla, sio baadaye.
3. Shika mdoli kwa mwili, zamisha miguu peke yake kwa dakika moja mpaka tatu. Mguu ukianza kulainika, toa.
4. Pinda taratibu, pita kidogo tu kwenye mkao unaoutaka, kwa sababu utarudi kiasi. Msimamishe juu ya kigae bapa uone kama anabalansi.
5. Ukiwa umemshika hivyohivyo, zamisha kwenye barafu dakika mbili au tatu. Baridi ndo inayokaza mkao mpya.

Maonyo: watoto wakae mbali na hayo maji. Usifanye kwa mdoli wenye viungo vinavyozunguka au vyenye gundi, gundi itaachia. Mdoli mgumu usiolainika baada ya dakika hizo usiulazimishe, huo sio PVC laini, utavunjika mkononi.

Akisimama usiku kucha bila kuegemea kitu, umemaliza. Akianguka rudia mara moja. Akirudi tena kila mara, mpe kitako kidogo cha plastiki angavu, hakuna ubaya.

## Hatua ya 8: Mwandikie kila mmoja kadi

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndo inayotofautisha mkusanyiko na midoli iliyopangwa.

Kila mdoli apewe namba, na kwenye daftari chini ya namba hiyo andika: jina la mnyama, kampuni, mwaka wa tumboni, urefu wa uzi, skeli uliyokokotoa, ulipompata, bei, na kasoro zake. Kwenye kadi ya kabatini jina, aliishi wapi na lini, skeli, basi.

Namba usiiandike kwenye mdoli. Wino wa maka peni unazama ndani ya PVC na kusambaa, ukija kuangalia baada ya miaka ni doa pana lisilofutika. Funga kikaratasi kwa uzi mguuni, au piga picha mdoli akiwa amekaa pembeni ya namba yake.

## Hatua ya 9: Mweke mahali pa kumtunza

Adui ni jua, joto na unyevu, na pwani yote matatu tunayo. Kabati lisipigwe na jua la dirishani, miale inapausha rangi na kugeuza nyeupe kuwa njano. Usiweke juu ya friji wala karibu na tivii, pana joto la kudumu. Usiache midoli ndani ya gari mchana hata kwa saa moja, miguu itapinda palepale.

Kabati la vioo ni zuri ila liache upenyo wa hewa, hasa msimu wa masika, na vile vipakiti vya silika vitie kwenye kona. Midoli isigusane. PVC laini ikikaa imegusa plastiki ngumu kwa muda mrefu, kilainishi kinahama na kuyeyusha ile ngumu, utakuta mdoli umeganda kwenye rafu au kwenye chombo cha plastiki.

Wa akiba wafunge kwa karatasi nyeupe, mmoja mmoja, kwenye kadibodi. Usitumie gazeti, wino unahamia. Usiwafungie kwenye mifuko ya nailoni isiyopumua, hasa wale wanaonata.

Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, wadogo wote na vipande vya pembe viwe juu asipofika, anaweza kupaliwa. Na midoli ya zamani sana usimpe mtoto kabisa, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi.

## Hatua ya 10: Kuagiza nje na kubadilishana

Kuna ambao hutawakuta sokoni kwetu, Deinotherium mfano, au thilasini na kwagga ambao CollectA waliwatoa. Hao utaagiza. Jumlisha bei, usafiri na ushuru kabla ya kubonyeza, maana kwa mdoli mmoja mdogo usafiri unaweza kuzidi bei yake. Agizeni watu wawili watatu kwa pamoja, mzigo mmoja, mgawane.

Ukiwa na ndugu Oman, Dubai au Ulaya anayekuja likizo, mtumie picha, jina la kampuni na namba ya bidhaa, usimwambie tu "niletee dinosaria" atakuletea atakachokiona mlangoni. Mwambie na afunge kwenye nguo katikati ya begi, mkia na pembe zisigusane na ukuta wa begi.

Kwenye kubadilishana, toa wale walio nje ya mpaka wako kwanza, hata kama unawapenda. Tuma picha nne za kila mmoja: ubavu, uso, tumbo lenye maandishi, na kasoro ikiwa karibu. Taja skeli uliyopima, sio uliyoambiwa. Na mzigo ukifika, fungua huku unarekodi video mfululizo kuanzia unapokata selotepu, ili kama mguu umevunjika njiani mwenzako aone alichokutumia kimefikaje. Halafu huyo mgeni mgeuze, washa tochi, uanze naye hatua ya 3 kabla hujampandisha rafuni.